Msumari wa Dirisha la Kaskazini

Shemeji yangu Metro haamini kipimajoto, anaamini kiganja. Vipimajoto anavyo, tena viwili, kimoja kipo jikoni na kingine kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa letu, na kila asubuhi anavisoma vyote. Kisha anapanda ngazi na kuyashika mabomba mwenyewe, moja baada ya jingine, kama mama anayemshika mtoto paji la uso. Akimaliza hushuka, huikaza kofia yake ya manyoya kichwani na kusema, "Leo wazima." Hapo ndipo sisi wanawake wa jikoni tunapoanza kazi. Si kwamba tunahitaji ruhusa yake. Ila ukianza kabla hajamaliza, utamenya vitunguu huku buti zake zinaning'inia juu ya kichwa chako, na mimi nimekwisha kuzichoka soli za Metro.

Mabomba yenyewe ni ya kuzimia moto. Yanapita chini ya dari jengo zima, yamejaa maji siku zote, na kila baada ya hatua chache yana kichwa kidogo cha shaba. Moto ukiwaka, kichwa kilicho karibu nao kinafunguka chenyewe na kunyunyiza. Ni kitu kizuri sana kwa watu wanaoishi mahali ambapo maji hubaki maji. Sisi tuko Winnipeg, ambako Januari unachomeka gari kwenye umeme usiku kama simu, la sivyo asubuhi haliwaki. Maji yakiganda bombani yanavimba, na bomba linapasuka. Ubaya zaidi ni kwamba halivuji papo hapo. Barafu inauziba ufa wake yenyewe, na wewe unapita chini yake unaimba, mpaka chumba kipate joto na barafu iyeyuke. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Metro anaijua habari hiyo vizuri kuliko sala ya Baba Yetu, na ataisimulia hata kwenye mazishi.

Nimsifu kidogo kabla sijaendelea kumsema. Alizaliwa shambani, kaskazini ya mji wa Dauphin, kwenye nyumba ya magogo ambamo ndoo ya maji ilikaa karibu kabisa na jiko na bado asubuhi baba yake aliivunja kwa shoka. Alibatizwa Dmytro, lakini katika mji huu kila Dmytro wa umri wake anaitwa Metro, na hata jiwe la kaburi nadhani litaandikwa hivyo. Alikuja mjini kijana, akaajiriwa karakana ya reli, akakaa huko mpaka alipostaafu, kazi yake ikiwa mabomba ya breki. Huko ndiko alikojifunza kuichukia baridi. Watu wengine wa hapa wanailalamikia tu. Metro anaichukia kama mtu anavyomchukia jirani aliyemwibia kuku: anajua anapopitia, anajua saa zake, na hamsalimii.

Dada yangu Halyna alimpenda hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyemfundisha kucheza, maana alitoka shambani hajui hata kupiga makofi kwa mpigo. Walioana kwenye ukumbi wetu wa zamani, ule wa mbao, ulioungua majira ya baridi ya pili baada ya harusi yao. Hakufa mtu. Lakini Metro alisimama barabarani akaiona mipira ya wazima moto imeganda, migumu kama kuni, na ukumbi aliofungia ndoa ukaisha mbele ya macho yake huku maji yapo na hayatoki. Ulipojengwa huu mpya, wenye mabomba darini, Halyna alipaka rangi kuta zake zote, mimi nikimshikia ndoo. Alipofariki, miaka sita iliyopita, Metro alikaa nyumbani wiki chache akitazama ukuta, halafu akaenda kwa Padri Ihor kuomba kazi ya kuutunza ukumbi. Padri akampa funguo na filimbi. Funguo alizihitaji. Filimbi ilikuwa ya timu ya mpira ya watoto, na hakuna ajuaye kwa nini aliichukua, lakini ameivaa shingoni tangu siku hiyo.

Sasa nieleze vita vya dirisha.

Chumba cha nyuma kiko upande wa kaskazini, kimeungana na jiko, na kina dirisha moja. Jikoni tunatengeneza varenyky, zile za viazi na jibini zinazokunjwa kama sambusa ndogo na kuchemshwa, na tukiamua kutengeneza hatutengenezi za watu wawili. Zikishakunjwa zinatakiwa zigande upesi, kila moja peke yake, la sivyo zinashikana na unapata varenyky moja kubwa kama mto wa kulalia. Friza ya ukumbi ni ndogo na mvivu. Kwa hiyo tangu enzi za mama zetu kila mtu wa hapa anajua la kufanya: unapanga trei, unafungua dirisha, unaiacha Januari ifanye kazi. Nje kabisa huwezi kuziweka, kwa sababu kuna kuchakuro, na kuchakuro wa mtaa wetu wamekwisha kuzoea mapishi ya Kiukraini.

Na juu ya dirisha hilo, ukinyoosha mkono unaligusa, linapita bomba la Metro.

Mkuu wa jiko letu ni Dokia, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Kila Novemba Metro alikuwa akipigilia msumari kwenye fremu ya dirisha lile, na kila Desemba Dokia alikuwa akiung'oa.

"Bi Dokia, nani katoa msumari wangu?"

"Umetoka wenyewe, bwana. Umeona baridi, umekuja jikoni kuota moto."

"Chumba kile kisishuke chini ya nyuzi nne. Nimekwambia mara ngapi?"

"Na mimi nimekwambia mara ngapi, varenyky hazigandi kwa nyuzi nne. Kama unaweza kuzigandisha kwa maneno, njoo uzihutubie. Maneno unayo."

"Bomba likipasuka utalia."

"Nikilia utanipa leso. Toka jikoni kwangu, unadondosha theluji kwenye unga."

Mwisho wake ulikuwa ni ule ule. Dokia anafungua, anasogeza trei dirishani kabisa. Metro anasimama mlangoni na koti lake, jicho kwenye kipimajoto. Mshale ukikaribia nne anakohoa. Dokia anajifanya hasikii. Anakohoa tena, na dirisha linafungwa, varenyky zikiwa ngumu nusu na laini nusu. Halafu jioni Metro anarudi peke yake kuhakikisha limefungwa kweli, kwa sababu Dokia ni mtu wa kufungua vitu, kufunga si kazi yake, hata makabati ya jikoni anayaacha wazi mpaka tunajigonga vichwa. Miaka sita mwanamume anamkoholea mwanamke. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na ya Metro tuliyasikia jiko zima kabla mwenyewe hajajua anaumwa nini.

Mimi nilijua mapema kuliko wote, na sitadanganya kwamba nilifurahi. Niliumia. Mchana namtania, nacheka na wenzangu, halafu nikifika nyumbani naitazama picha ya Halyna na kuona kama nimemuuza. Metro hakuniambia neno, na mimi sikumwuliza. Utani wa mashemeji unabeba mengi, lakini hilo hatukulitia humo.

Basi Krismasi iliyopita Metro akampa Dokia zawadi mbele yetu sote, kipakiti kidogo kilichofungwa kwa karatasi ya dhahabu. Dokia akakifungua akitarajia hereni, nadhani, kwa jinsi uso ulivyomwiva. Ndani mlikuwa na msumari.

"Wa dirisha," Metro akasema. "Mwaka huu nimeung'oa mwenyewe. Kuanzia leo dirisha ni lako. Sitakohoa."

Tulicheka mpaka mwenzetu mmoja akakalia trei. Dokia peke yake hakucheka. Aliutia ule msumari mfukoni mwa aproni, akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Angempa mkufu angemshukuru na kuusahau, lakini msumari ule alijua umemgharimu Metro nini. Jioni ile Metro akamposa. Najua kwa sababu Dokia aliniambia kesho yake, akinitazama usoni kama mtu anayepima joto la maziwa.

"Nimemwambia atapata jibu sikukuu ya parokia," akasema. "Nastia mdogo wangu, mimi nilikaa na Petro miaka arobaini, Mungu amrehemu, na hata siku moja hakunyanyuka kucheza. Yeye ukutani na bia yake, mimi nacheza na shemeji zangu. Sirudii tena. Metro akinichukua dansi ya kwanza, mbele ya watu, nitamjibu. Asiponichukua, basi, kesho yake nina tiketi ya kwenda kwa binti yangu, kule mji wa Victoria. Chumba ameshanipakia rangi. Huko hata theluji hawana."

"Na utarudi lini?"

"Mtu akishapakiwa chumba rangi harudi."

Nikamwambia nimesikia.

Jumamosi ya kuamkia sikukuu tulikunja varenyky tangu asubuhi. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, siku ambayo hata mbwa wanaomba ruhusa kurudi ndani. Dokia akafungua dirisha lake kwa fahari ya mwenye hati ya nyumba. Metro alipita mara moja, akasimama mlangoni, kifua kikamtetemeka, akageuka akaondoka. Hakukohoa. Varenyky ziliganda kama kokoto, hatujawahi kupata nzuri kama zile. Tukazitia mifukoni, tukasafisha, tukaufunga mlango wa chumba cha nyuma ili ubaridi usiingie jikoni, Dokia akatangulia mazoezi ya kwaya na sisi tukatawanyika.

Nadhani mmeshaona. Dokia alifungua kama siku zote, na hakufunga kama siku zote, kwa kuwa miaka sita kufunga kulikuwa na mtu wake. Na mtu wake, kwa heshima ya zawadi aliyoitoa, jioni ile alikagua jengo zima na kukiruka chumba kile kimoja, maana dirisha halikuwa lake tena. Wapendanao wawili wakaliacha dirisha wazi usiku kucha kwa adabu tu.

Jumapili mimi na Dokia tulifika kabla ya misa kuwasha majiko, tukamkuta Metro mbele ya chumba cha nyuma, kofia mkononi. Kofia ile sikuwa nimemwona nayo mkononi tangu mazishi.

Ndani kulikuwa na theluji sakafuni. Maji ya ndoo ya deki yalikuwa jiwe. Bomba lilikuwa limevaa ukungu mweupe, na kwenye kiwiko chake, pale linapokata kona, barafu ilikuwa imechungulia nje kama ncha ya ulimi wa mtoto.

Dokia akajishika mdomo. "Ni mimi," akasema. "Nililiacha."

"Ilikuwa kazi yangu kulifunga," Metro akasema.

"Ulinipa mimi. Kwa karatasi ya dhahabu."

"Nilikupa dirisha. Bomba sikukupa. Bomba bado langu."

"Usininyang'anye kosa langu, mzee. Ninayo machache, niachie hili."

"Mtagombana baadaye," nikasema. "Niambieni maji yataanza kumwagika saa ngapi, nihamishe unga."

Hayangemwagika. Metro alikuwa ameshateremka chini ya jengo akafunga koki kubwa, akafungulia maji yote ya darini yaende zao. Kilichobaki ni ile barafu ya chumba kimoja. Dirisha alishalifunga, hita ya umeme alishaiweka katikati ya chumba, mbali na ukuta, na ndoo chini ya kiwiko. Alikuwa ameshapiga simu kwa fundi wa mabomba hayo, ambaye angekuja Jumatatu, na kwa wazima moto. Padri Ihor akaingia na kanzu yake, akatazama juu, akapata wazo, kama mapadri wanavyopata.

"Mzee Metro, kuna bwana mmoja wa kwaya ana ile mashine ya moto ya kubabulia nguruwe. Si dakika tano tu?"

"Padri, mimi sikufundishi kubatiza," Metro akasema. "Karakana tulikuwa na mtu aliyeyeyusha bomba kwa moto. Aliliyeyusha vizuri. Na banda pia."

"Basi sikukuu tuiahirishe?"

"Wazima moto wamesema iendelee, kwa sharti. Jengo halina maji darini, kwa hiyo lazima mtu alizunguke muda wote watu wakiwa ndani. Kila chumba, kila kabati, mpaka wa mwisho atoke. Na mtu huyo asiwe na kazi nyingine yoyote. Asipike, asipakue, asiimbe."

"Asicheze," Dokia akasema.

Metro akaigeuza kofia yake mikononi. "Asicheze," akasema.

Padri, ambaye kama parokia nzima alijua habari ya dansi ya kwanza, akasema haraka kwamba atatafuta mtu mwingine.

"Nani?" Metro akauliza. "Vijana wanapiga ala. Kwaya inaimba. Wazee wenzangu wakizunguka wanazunguka meza ya vinywaji. Nani anajua kwamba nyuma ya jukwaa kuna kabati la nyaya?" Akaishika filimbi yake. "Mimi nimeshaona ukumbi mmoja ukiungua, Padri. Wa pili sitaki kuuona."

Dokia hakubishana naye, na hilo lilinitisha kuliko kelele zake zote. Alitoa msumari mfukoni mwa aproni, akaazima nyundo, akaupigilia kwenye fremu ya dirisha mwenyewe mpaka kichwa kikazama, kisha akasema inabidi akachemshe maji. Alikuwa anamwona Petro ukutani tena. Tofauti ni kwamba huyu badala ya bia ana filimbi.

Misa ikaisha, watu wakamiminika, makoti yakajaa mpaka dirishani kwenye chumba cha makoti. Tulipakua supu ya bitiruti, majani ya kabichi yaliyokunjiwa wali, na zile varenyky kokoto pamoja na vitunguu vya siagi, na watu wakasema mwaka huu zimetoka vizuri, kuna siri gani. Hatukuwaambia. Kwenye chumba cha nyuma barafu ilikuwa inadondoka tone kwa tone ndani ya ndoo, kwa amani kabisa, na kiwiko kilikuwa na ufa mwembamba unaotosha kuingiza ukucha. Metro alizunguka. Akatokea nyuma ya jukwaa, akapotea chini ya ngazi, akatokea mlango wa mbele, mnyoofu, hatazami kulia wala kushoto. Kila alipopita karibu na jiko Dokia alikuwa na kazi ya kuinamia.

Baadaye meza zikaanza kusogezwa ukutani. Mpiga fidla akakaa, wa kodiani akakaa. Dokia akavua aproni yake, na chini yake alikuwa na ile blauzi iliyotariziwa nyekundu ambayo huwa anaivaa Pasaka tu. Akasimama mlangoni mwa jiko, mikono ameikunja mbele.

Mimi nilikuwa na upawa mkononi, na nikawaza: sina haja ya kufanya lolote. Kesho huyu atapanda ndege, Metro atarudi kwenye ngazi yake, na Halyna atabaki peke yake pale alipo. Wazo hilo lilinifaa kwa muda kidogo. Kisha Metro akaingia jikoni kwenye mzunguko wake, akapanda kiti, akanyanyua mkono na kuliwekea bomba kiganja. Bomba tupu. Halikuwa na hata tone, yeye mwenyewe ndiye aliyelikausha asubuhi, na bado alikuwa analipima homa. Alisimama pale muda mrefu kuliko kawaida, mgongo kautupia ukumbi, na mpiga fidla akaanza kujaribu uzi mmoja mmoja.

Nikaona huyu mtu atashika mabomba matupu mpaka afe, na nitakuwa nimemwachia.

"Shem," nikasema. "Lete filimbi."

"Ya nini?"

"Nikaitie kuku. Lete hapa."

Akashuka kitini. "Nastia, wewe unapakua."

"Nimemaliza kupakua. Anayetaka zaidi ana mikono." Nikafungua aproni. "Sipiki, sipakui, siimbi. Na kucheza unajua goti langu."

"Huzijui kona zote."

"Nyuma ya jukwaa kuna kabati la nyaya. Chini ya ngazi kuna shimo mnalotupia viti vibovu. Chumba cha makoti kina mlango wa pili nyuma ya rafu. Halyna alipaka rangi kila kona ya jengo hili, na ndoo niliishika mimi. Wewe siku hizo ulikuwa karakana unapiga soga na breki."

Akauliza taratibu, akizitazama buti zake, "Na Halyna angesemaje?"

Miaka sita nilikuwa nalingojea swali hilo, na nilikuwa nimeliwekea majibu makali matatu. Yote yakanipotea.

"Angesema hakuhangaika vile kukufundisha kucheza ili uje uzunguke na filimbi. Nenda, Metro. Watu wanakaza nyuzi."

Kamba ya filimbi ikanasa kwenye kofia, ikabidi kofia itoke kwanza. Akanivika kwa mikono miwili, uzito wake kama wa kijiko. "Ukiona moshi upulize, usikimbilie ndoo."

"Nenda."

Akaenda. Akarudi. "Lile kabati la nyaya ulifungue polepole, mlango wake una..."

"Metro."

Sikuwaona wakicheza. Mlinzi hatazami dansi, ndiyo sharti. Nilikuwa nimeteremka chini ya jengo, kwenye ile koki kubwa, fidla ilipoanza, lakini juu ya kichwa changu kulikuwa na sakafu ya mbao, na nikazisikia buti. Metro ana kawaida moja: akifika kwenye kugeuka anachelewa kidogo, halafu anafidia kwa hatua mbili za haraka. Halyna alijaribu kumwondolea kasoro hiyo akashindwa, mwisho akaicheza pamoja naye. Nikasimama nikasikiliza. Anachelewa, hatua mbili. Anachelewa, hatua mbili. Viatu vya Dokia mwanzoni vilikuwa vinatangulia. Wimbo ulipofika katikati, navyo vikaanza kungoja.

Nililia kidogo pale chini, na nilifurahi, vyote kwa pamoja, halafu nikakumbuka nina kazi. Nikapanda juu, nikalifungua kabati la nyaya. Polepole. Mlango wake hauna chochote.

Mizunguko yangu ilikuwa mingi na sikuruka hata kona moja, padri anaweza kuthibitisha, maana nilimkuta kwenye chumba cha kwaya anakula keki. Ilikuwa kwenye mojawapo ya mizunguko hiyo, nyuma ya makoti, karibu na ule mlango wa pili, ndipo nilipowasikia.

"Upana wa kidole tu," Dokia alikuwa anasema. "Mimi bila hewa silali. Tangu utoto nalala dirisha wazi."

"Juu ya kitanda kuna bomba la maji moto."

"Basi hamisha kitanda."

"Kitanda kinapita wapi, wewe? Dirisha linafungwa."

"Upana wa kidole, Metro."

"Hata unywele haupiti."

"Basi utalala jikoni na vipimajoto vyako."

Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole, filimbi nimeishika isigonge vifungo. Mtu habishanii dirisha la chumba ambamo hana nia ya kulala.

Jumatatu fundi alikuja kubadilisha kiwiko, na aliyemshikia ngazi alikuwa Dokia, akimwuliza maswali mpaka yule bwana akaomba chai. Kule Victoria Dokia alikwenda baadaye, mwezi wa tatu, kwa wiki mbili, na Metro pamoja naye, na nasikia alishika mabomba yote ya nyumba ya binti yule, mahali ambapo hapajapata kuganda kitu. Katika chumba kilichopakwa rangi walilala kama wageni tu.

Ukumbini msumari upo pale pale, na tumenunua friza ya maana. Kuhusu dirisha la chumba chao, Metro anasema alishinda, Dokia anasema alishinda. Mimi nilipita nje ya nyumba yao asubuhi moja ya baridi kali, nikatazama juu. Ni upana wa kidole, cha Dokia, chembamba. Na ndani ya dirisha, kwenye bomba, kulikuwa na soksi nene ya sufu imevishwa vizuri na kushonwa kwa mkono, rangi ya kijani. Sufu ile naijua, ni iliyobaki kwenye kikapu cha Halyna. Dokia nilimpa mimi.